Ukurasa kama Fani: Mchoraji wa Katuni na Mlango wa Gazeti katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapolifungua gazeti la zamani, aghalabu hutafuta ukurasa wa mashairi. Imekubalika kwa muda mrefu kwamba gazeti lilikuwa mlezi wa ushairi wa Kiswahili katika karne ya 20. Shaaban Robert alichapisha mashairi yake katika Mambo Leo, na majibizano ya washairi yasingestawi pasipo ukurasa uliotoka kwa vipindi maalumu, mhariri aliyekagua vina na mizani, na wasomaji waliongoja zamu yao ya kujibu. Hakuna mhakiki makini anayeyasoma majibizano hayo kana kwamba yalitungwa nje ya gazeti. Hata hivyo, katika magazeti hayo hayo yupo mtunzi mwingine ambaye mhakiki humpita bila salamu. Huyo ni mchoraji wa katuni.

Pale anapotajwa, mchoraji huyu hutajwa kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kumwona kuwa mtia pambo, mtu wa kujaza nafasi iliyobaki baada ya habari na matangazo kupangwa. Ya pili, ambayo imeshika nguvu tangu kurejea kwa siasa ya vyama vingi nchini Kenya mwaka 1991, ni kumwona kuwa msemaji wa kisiasa ambaye mchoro wake ni tahariri kwa njia nyingine. Mtazamo huu wa pili umezaa uchambuzi mzuri, lakini una upungufu wake. Unaichukulia katuni kuwa maudhui matupu yaliyovishwa mistari, kisha unauliza tu ilimsema nani na ilisema nini.

Makala haya yanadai kwamba namna katuni inavyopata kuchapishwa ni sehemu ya fani yake. Nani anafungua mlango, nafasi gani inatolewa, kwa muda gani, kwa masharti gani, na hatimaye kazi inabaki mikononi mwa nani: mambo haya yameingia ndani ya mstari wenyewe, sawa na vile mizani inavyoingia ndani ya shairi. Dai hili litajadiliwa kwa kurejelea Juha Kalulu ya Edward Gitau katika Taifa Leo, majarida ya Joe na Sani, na kazi ya Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, katika magazeti na katika kitabu.

Maswali matatu ya mhariri

Mchoraji chipukizi huenda kwa mhariri na bahasha ya michoro. Anaweza kuwa na kipaji kikubwa na asipate nafasi, kwa sababu mhariri hana budi kujiuliza maswali matatu ambayo si ya kipaji pekee. Je, mchoro huu utaonekana ukichapwa? Je, utaenea katika nafasi iliyopo? Je, kesho ataleta mwingine?

Swali la kwanza linahusu karatasi na wino. Karatasi ya gazeti ni nyepesi na hunyonya wino. Vivuli laini huvia, na mistari myembamba hupotea. Ndiyo maana katuni ya gazeti imejengwa juu ya mstari mweusi ulioshiba na sehemu nyeupe iliyoachwa kwa makusudi. Mwanafunzi anayeueleza mtindo huu kuwa ni usahili wa msanii asiyepata mafunzo anakosea. Usahili huo ni matokeo ya kuijua mashine. Mchoraji amejifunza kutochora kile ambacho mashine itakiharibu.

Swali la pili linahusu nafasi. Katika kisanduku chenye upana wa vidole vichache, maneno na picha hugombania mahali pamoja. Kila neno linaloongezwa humega mwili wa mhusika. Kwa hiyo mazungumzo hufupishwa, mandhari huwakilishwa kwa mlango mmoja au nguzo moja ya taa, na msomaji huachiwa kazi ya kukamilisha. Mchoraji hutegemea misemo inayojulikana, nusu ya methali ambayo msomaji ataimaliza mwenyewe, na lugha ya mtaani ambayo neno lake moja hubeba tabaka, umri na mahali. Mhakiki aliyezoea kuchambua uteuzi wa msamiati katika shairi atakuta hapa ubanifu uleule, ingawa sababu yake ni kipimo cha rula badala ya hesabu ya silabi.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote. Mwenye mchoro mmoja bora hana kazi ya kudumu gazetini. Anayeipata ni yule awezaye kuleta mchoro kila siku bila kukosa, awe mzima au mgonjwa, awe na habari ya kuchekesha au asiwe nayo. Sharti hili ndilo linalozaa mhusika wa kudumu. Katika uhakiki wetu, mhusika bapa hulaumiwa kwa kutokua. Katika hadithi ya picha ya kila siku, ubapa huo ni wajibu. Msomaji aliyekosa gazeti la jana lazima aielewe ya leo, na mhusika aliyejifunza jambo siku ya Jumatatu hawezi kulikosea tena Jumanne. Mhusika anayekua hulimaliza shamba lake mwenyewe.

Juha asiyejifunza

Mfano ulio wazi wa sharti hili ni Juha Kalulu. Edward Gitau aliichora katuni hii kwa zaidi ya nusu karne, na alipofariki mwaka 2016 ilikuwa imesomwa na vizazi kadhaa vya wasomaji wa Taifa Leo, gazeti lililoanza mwaka 1960. Ni waandishi wachache wa Kiswahili nchini Kenya ambao mhusika wao mmoja ameishi kwa muda huo, na wachache zaidi ambao msomaji wa kawaida angewataja kwa jina la mhusika wao kabla ya jina lao wenyewe.

Jina la mhusika linastahili kuangaliwa. Juha ni mjinga wa ngano za Kiarabu na za Waswahili, mtu ambaye upumbavu wake wakati mwingine huwafunua wenye akili. Kalulu ni jina la sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, zikiwemo Kinyanja na Kibemba, na sungura ndiye mjanja mkuu wa ngano zetu. Kwa hiyo, iwe ilikusudiwa au haikukusudiwa, jina hili linaunganisha mjinga na mjanja katika kiwiliwili kimoja. Huyu ni mtu anayedhani amepata njia ya mkato, na ambaye werevu wake ndio unaomwangusha. Kinaya cha katuni kimo ndani ya jina kabla ya kisanduku cha kwanza kuchorwa.

Hapa ndipo ukurasa unapoingia. Sungura wa ngano naye hajifunzi. Leo ananaswa na mtu wa utomvu, na usiku wa kesho anaanza ujanja mwingine kana kwamba hakuna lililotokea. Hilo halimsumbui msikilizaji, kwa sababu kila usiku una ngano yake. Gazeti la kila siku limeurejesha utaratibu huo wa fasihi simulizi ndani ya maandishi. Asubuhi imechukua nafasi ya usiku, na kisanduku kimechukua nafasi ya fanani aliyeketi mbele ya hadhira. Mhakiki anayeilinganisha Juha Kalulu na riwaya, na kuikuta imepungukiwa na maendeleo ya wahusika, ameipima kwa kipimo kisichokuwa chake.

Inaweza kuhojiwa, na ni haki kuhoji, kama mjinga huyu alikuwa njia ya kukwepa. Katuni hii iliishi chini ya marais wanne, pamoja na miaka ambayo wachoraji waliogopa hata kuisogelea sura ya kiongozi wa nchi. Je, ilidumu kwa sababu haikumuudhi yeyote? Jibu la haki lina pande mbili. Ni kweli kwamba kichekesho cha maisha ya kila siku kilipata mlango pale ambapo tashtiti ya moja kwa moja isingepita. Lakini kichekesho hicho kilipewa msomaji wa Kiswahili kila siku, katika lugha yake, kikimchukua mtu wa kawaida kuwa kiini cha hadithi. Katika magazeti ambayo kurasa za mbele zilikuwa za wakubwa, kisanduku hicho kilikuwa mahali pa asiye mkubwa. Huo nao ni msimamo, ingawa haukutangazwa.

Wenye kujenga mlango wao

Kuna wachoraji ambao hawakuridhika na kisanduku. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno, mwanahabari aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, alianzisha jijini Nairobi jarida la Joe pamoja na mchoraji Terry Hirst, mzaliwa wa Uingereza aliyekuja Kenya katika miaka ya 1960 kufundisha sanaa. Joe mwenyewe, mtu wa kawaida wa mjini anayecheka ili asilie, alikuwa ametangulia kuonekana katika safu ya vichekesho ya Ng'weno gazetini. Jambo lililobadilika jaridani si mhusika tu. Mchoraji alikuwa sasa mmoja wa wenye nyumba.

Athari ya badiliko hilo ilikuwa ya kifani. Jalada zima lilikuwa la mchoro. Hadithi za picha zilipata kurasa badala ya mstari mmoja wa visanduku, na Gitau huyo huyo wa Juha Kalulu alipata humo nafasi ya kuchora maisha ya jiji kwa upana ambao gazeti la kila siku halikuuruhusu. Hadithi fupi zilichapishwa bega kwa bega na michoro, na lugha ya jarida, ingawa msingi wake ulikuwa Kiingereza, iliingiliwa na Kiswahili na misemo ya mitaani. Kwa maneno mengine, mahali ambapo mchoraji alishiriki kuamua ukubwa wa nafasi, picha iliacha kuwa kando ya maandishi ikawa sawa nayo.

Nchini Tanzania, mwishoni mwa muongo huo, jambo linalofanana lilitokea kwa Kiswahili. Jina la jarida la Sani limeundwa kwa silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ni vigumu kupata ushahidi wa wazi zaidi wa watunzi wanaojifungulia mlango wenyewe: wameyaandika majina yao juu ya mlango. Msomaji wa Tanzania alikuwa tayari amelelewa na Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, ambaye jina lake lilienea hata likatumiwa na wengi kwa maana ya katuni yoyote. Sani iliirithi hadhira hiyo na kuipa kundi zima la wahusika, wakiwemo Ndumilakuwili na Lodilofa wa Philip Ndunguru.

Hata hivyo, kumiliki mlango ni mzigo. Mwenye jarida hutafuta matangazo, karatasi, mpiga chapa na njia ya kulifikisha jarida kwa wauzaji, na saa hizo zote hutolewa katika saa za kuchora. Joe lilikoma mwaka 1979. Kwa hiyo si sahihi kuieleza historia hii kama safari ya kutoka utumwani hadi uhuru. Gazeti la kila siku lilimpa Gitau kisanduku kidogo na nusu karne. Jarida liliwapa wachoraji kurasa pana na miaka michache. Kila mlango una bei yake, na bei hiyo husomeka katika kazi.

Fanani au mtunzi?

Ndunguru alifariki mwaka 1986, angali kijana. Wahusika wake hawakufa naye. Waliendelea kuchorwa kwa mikono ya wengine, na wasomaji waliendelea kuwapokea. Kinyume chake, Juha Kalulu ilitambulikana na mkono mmoja kwa miongo yote ile. Tofauti hii inaibua swali la kinadharia ambalo uhakiki wa Kiswahili una vifaa vya kulijibu: je, mchoraji ni fanani au ni mtunzi?

Akiwa fanani, mhusika wake ni mali ya hadhira. Anayekufa hurithiwa, kama ngano inavyorithiwa, na ubora wa mrithi hupimwa kwa namna anavyoutunza mwendo wa mhusika huku akiongeza wake. Akiwa mtunzi, mhusika ni wake, na kumwendeleza pasipo idhini ni sawa na kuandika sura mpya katika riwaya ya mwingine. Kwa upande wa mapokezi, katuni ya Kiswahili inaelekea kwa fanani. Msomaji humjua Lodilofa kabla ya kumjua aliyemchora.

Sheria haifuati njia yoyote kati ya hizi mbili. Kwa mujibu wa kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Sheria hiyo hiyo huilinda kazi ya sanaa kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Ukivisoma vifungu hivi pamoja, utaona kwamba mchoraji aliyepokea nafasi bila ya mkataba wa maandishi anaweza kuwa ameitoa kazi yake kwa maisha yake yote na nusu karne zaidi, akidhani ameuza matumizi ya siku moja. Mhusika hawi wa hadhira, wala hawi wa mtunzi. Anakuwa wa ukurasa.

Hili si jambo la mawakili peke yao. Mhakiki anapojiuliza kwa nini hakuna mkusanyo kamili wa katuni fulani, kwa nini mhusika alitoweka ghafla, au kwa nini mchoraji aliyehama gazeti alilazimika kubuni mhusika mpya anayefanana na yule wa zamani bila ya kuwa yeye, jibu mara nyingi liko katika karatasi iliyotiwa saini, au ambayo haikutiwa saini kamwe.

Mkono mmoja, milango miwili

Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alijiunga na Daily Nation mwaka 1992 na akawa mchoraji wa tahariri anayejulikana kuliko wengi katika eneo hili. Katuni ya tahariri ina masharti tofauti na ya Juha Kalulu. Haihitaji mhusika wa kubuni, maana wahusika wake wamo katika ukurasa wa kwanza. Humtegemea msomaji aliyeisoma habari asubuhi hiyo, na habari ikipoa, sehemu ya maana yake hupoa nayo. Nguvu yake na uzee wake hutoka katika chanzo kimoja.

Mwaka 1996 Gado alitoa Abunuwasi, kitabu cha hadithi za picha kwa Kiswahili, kupitia Sasa Sema, shirika la uchapishaji lililoanzishwa na Lila Luce jijini Nairobi. Shirika hilo lilitoa pia Mkasa wa Shujaa Liyongo, uliochorwa na Samuel Mulokwa. Mkono ni uleule, lakini mlango ni mwingine. Kitabu hakimtegemei msomaji wa habari za leo. Kinaweza kusomwa baada ya miaka 20 na kueleweka, kwa sababu kimejengwa juu ya ngano ambayo msomaji aliijua kabla ya kukifungua. Mchoraji aliyetumia Kiingereza katika ukurasa wa tahariri alirudi kwa Kiswahili alipopata nafasi ya kusimulia kwa urefu.

Uteuzi wa Abunuwasi una maana zaidi ya hapo. Abunuwasi wa ngano ndiye anayemwambia Sultani ukweli kwa njia ya mzaha. Hutishwa kuuawa, akajiokoa kwa fumbo. Lakini kuna jambo ambalo wasomaji husahau: Abunuwasi hana mchezo pasipo baraza la Sultani. Mlango anaousema ndio mlango anaoingilia. Hakuna picha iliyo karibu zaidi na hali ya mchoraji wa tahariri, ambaye hucheka wenye nguvu katika ukurasa ambao yeye hana funguo zake.

Matukio ya baadaye yaliithibitisha picha hiyo. Mnamo Januari 2015 serikali ya Tanzania ilizuia usambazaji wa The EastAfrican nchini humo. Sababu rasmi ilikuwa usajili, lakini kizuizi hicho kilifuata katuni ya Gado iliyomhusu Rais Jakaya Kikwete, na Gado mwenyewe ameyahusisha mambo hayo mawili. Mwaka 2016 mkataba wake na kampuni ya gazeti haukuhuishwa, na baadaye alihamia The Standard. Mchoro wake haukubadilika siku ile, lakini mahali pa kuuweka palikuwa pamebadilika.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba kusisitiza mlango, karatasi na mkataba ni kuishusha sanaa iwe bidhaa ya kiwandani. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama makala haya yangedai kuwa masharti ndiyo yanayozaa ubora. Hayadai hivyo. Masharti ya gazeti yamewakuta wachoraji wengi, na wengi wao hawakumbukwi. Lakini hakuna anayedhani kwamba kueleza tarbia ina mishororo minne, na kwamba mshororo wa kawaida una mizani 16, ni kumdharau mshairi. Tunaeleza masharti ili tuone alichofanya ndani yake. Mchoraji anastahili heshima hiyo hiyo.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba ubapa wa mhusika, uzito wa mstari, ufupi wa usemi, urefu wa maisha ya kazi na hata uteuzi wa lugha katika katuni za Afrika Mashariki haviwezi kuelezwa kikamilifu bila ya kuutazama ukurasa uliozibeba. Leo wachoraji wengi huweka kazi zao wenyewe katika mitandao, ambako hakuna mhariri mlangoni wala kipimo cha rula. Fani itabadilika kwa sababu hiyo, na atakayetaka kulieleza badiliko hilo atahitaji kwanza kujua lililokuwapo.

Hapo ndipo pana hatari. Mashairi ya magazetini yaliokolewa kwa sababu wahariri, washairi na wahakiki waliyakusanya katika diwani. Katuni nyingi hazikupata diwani. Zimo katika majalada ya magazeti yanayochakaa, na mtafiti anayehitaji habari iliyo upande wa pili hukata ukurasa bila kufikiri alichokiacha nyuma ya mkasi. Mwanafunzi wa uzamili anayekusanya data ya ushairi kutoka Taifa Leo hana budi kunakili ukurasa mzima: tarehe, tangazo, shairi na kisanduku cha Juha. Akinakili shairi peke yake, atakuwa ameamua kwa niaba ya watakaokuja baada yake kwamba mtunzi mmoja katika gazeti lile alikuwa mtunzi, na mwingine alikuwa pambo.